Kura Kumi na Moja na Kikapu cha Simu

Mgeni rasmi, Bibi Gurvinder, uliyesimamia kituo chetu cha kupigia kura mwezi wa Mei na ambaye leo umetumwa na ofisi ya uchaguzi kuja kutufundisha, Mchungaji Israël, wazee wetu, akina mama, vijana, na majirani mliosikia harufu ya sambusa mkaingia bila kadi:

UKARIBISHO

Tunakukaribisha Selly Oak, ingawa tunajua ni kama kumkaribisha mwenye nyumba sebuleni kwake, maana wewe umezaliwa katika mji huu na sisi tumeukuta. Chai ya tangawizi ipo. Sambusa ni za Bi Mulki, na ukila moja tu atakununia mpaka Krismasi, ingawa Krismasi si yake.

Anayekutafsiria pembeni yako ni Sagesse, binti yetu, mjukuu wa Mama Immaculée. Mbele kidogo katika risala hii kuna mahali atanyamaza. Tunaomba umsubiri, usimhimize. Anayesoma ni Gisèle, katibu msaidizi. Katibu wetu ni Séverin, na ndiye aliyepaswa kusimama hapa leo. Kiti chake ni kile cha karibu na dirisha. Umeona watu wamesimama nyuma kwa kukosa pa kukaa, na bado hakuna aliyekigusa.

Desturi ya risala ni kumsifu mgeni, kuhesabu mafanikio mengi na changamoto chache, kisha kuomba. Yetu haitakwenda hivyo. Tuna jambo moja linalotuumiza, nalo limekaa kooni tangu Mei.

HISTORIA FUPI YA UMOJA WETU

Umoja huu ulianzishwa na familia chache kutoka Uvira na Bukavu, Congo, zilizokutana kwenye foleni ya kusubiri nyumba zikasikiana zikinong'ona Kiswahili. Baadaye wakaja ndugu zetu Wasomali waliokulia Garissa na Nairobi, kisha Mtanzania mmoja ambaye mpaka leo kazi yake kubwa ni kutusahihisha Kiswahili. Tunazikana, tunaozeshana, tunasomeana barua. Wakristo wana maombi yao na Waislamu wana swala zao, lakini msiba na chai ni vya wote.

Séverin anasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Edgbaston. Ni mtu wa kufunga kamba za viatu mara mbili. Barua yoyote ya serikali ikimfikia mmoja wetu, haifunguliwi kabla hajaitwa yeye, naye huisoma amesimama, kisha husema, "Tulieni, si mbaya." Hata ikiwa mbaya huanza hivyo hivyo.

Katika mambo ya kura tulikuwa hatulingani. Yarrow, dereva wetu wa teksi, alipiga kura hapa tangu mwaka wake wa kwanza kwa sababu Kenya imo katika Jumuiya ya Madola. Sisi wa Congo tulisubiri mpaka tupate uraia. Kila uchaguzi Yarrow alipita akituonyesha kidole gumba: "Nyinyi wasee wa Congo, ngojeni tu. Sisi tunawachagulia, relax." Tulicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na mchanga ndani yake.

Kisha Mama Immaculée akapata uraia. Bibi Gurvinder, mama huyu hakuwa amepiga kura hata siku moja maishani mwake. Uchaguzi mmoja ulimkuta njiani anakimbia na watoto. Mwingine ulimkuta kijijini, lakini kituo hakikufunguliwa. Uliofuata ulimkuta kambini, ambako mtu huhesabiwa kila asubuhi na haulizwi chochote. Alipoapa uraia miguu yake ilikuwa imekwisha. Kutoka kitandani hadi jikoni kwake ilikuwa safari ya kuombewa. Alimwita Séverin akamwambia, "Mwanangu, miye nataka kura yangu moja. Moja tu, kisha Mungu anichukule."

Séverin akamwahidi. Kila kitu tutakachokueleza kinatoka kwenye ahadi hiyo.

MAFANIKIO

Tunayo, na tutayasema, maana ni kazi ya mikono yake.

Jumamosi mbili mfululizo Séverin alitukusanya hapa akatufundisha kura ya posta. Alitueleza kwamba kwanza jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura. Kisha unaomba, kwa mtandao au kwa fomu ya karatasi, kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa, ambayo hutangulia uchaguzi kwa zaidi ya wiki mbili. Unaandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya bima ya taifa. Unaweka sahihi kwenye karatasi nyeupe na kuipiga picha.

Kwenye tarehe ya kuzaliwa ndipo vicheko vilipoanza. Wengi wetu, kwa mujibu wa karatasi, tulizaliwa Januari mosi. Ndivyo walivyotuandika waliotupokea, kwa kuwa walikuwa na haraka na sisi tulikuwa na njaa. Mzee mmoja alitaka sasa kuandika siku yake ya kweli, ile aliyoambiwa na mama yake wakati wa mvua za mpunga. Séverin akamshika mkono: "Hapana, papa. Weka ile ya uongo yenye beko nayo kwenye karatasi zabo. Ukiweka ya kweli, kura itatupwa." Maana tarehe na sahihi utakazoandika siku ya kupiga kura hulinganishwa na zile ulizoziweka wakati wa kuomba.

Mama Immaculée sahihi ilimtoa jasho. Séverin alimweleza kwamba ofisi inaweza kumsamehe kutia sahihi mtu ambaye mkono wake haumtii. Alikataa kwa hasira. "Jina yangu nitaiandika miye mwenyewe." Akajizoeza nyuma ya kalenda ya duka la nyama, ukuta mzima wa jikoni ukajaa Immaculée, mpaka Immaculée wote wakafanana.

Watu kumi na moja wakakubaliwa. Wagonjwa, wazee wasiotoka, na Luul wetu ambaye zamu zake za kuhudumia wagonjwa hazimpi mchana. Bahasha zilipofika, Séverin alipita nyumba kwa nyumba. Karatasi ya kura unaweka alama yako, unaiingiza kwenye bahasha ndogo, unaifunga. Karatasi ya pili, ya maelezo yako, unaandika tarehe ya kuzaliwa na sahihi. Zote mbili zinaingia kwenye bahasha kubwa, ambayo haihitaji hata stempu, na inapaswa kufika kabla kituo hakijafungwa saa nne usiku siku ya uchaguzi.

Mama Immaculée aliwatoa wote jikoni alipopiga yake. Alimtoa Séverin, akamtoa Sagesse, akavuta pazia. Walisimama kwenye korido wakamsikia akicheka peke yake.

Mafanikio yetu yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Waswahili husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo hatukuja kupewa pole.

Séverin alisema bahasha zitumwe posta siku hiyo hiyo. Alisema mara nyingi. Sisi tukasema hapana. Kwetu kitu kikubwa hakiendi kimyakimya. Mtoto akifaulu huletwa mbele, gari likinunuliwa huombewa. Tukataka kura zetu za kwanza zikusanywe kikapuni kama matoleo na Mchungaji aziwekee mikono. Mchungaji Israël, ambaye yuko hapa na ametupa ruhusa ya kulisoma hili, alisema, "Cha pamoja hubebwa pamoja." Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Séverin akashindwa, mkono wake peke yake hewani. Alicheka akasema, "Basi, demokrasia."

Jumapili hiyo Mchungaji aliugua. Tukangoja Jumapili iliyofuata. Baada yake Jumatatu ilikuwa sikukuu, posta imefungwa, na tukaogopa kwamba zikitumwa sasa hazitawahi. Hivyo tukaamua Séverin azipeleke kwa mkono siku ya uchaguzi. Mama Immaculée ya kwake hakuitia kikapuni moja kwa moja. Aliiweka kwanza mkononi mwa Séverin, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili: "Usipatie mutu usiyemujua. Kwetu tulipatiaga batu tusiobajua."

Siku ya uchaguzi Séverin alitoka kazini jioni, akaja kituoni na kumi na moja zake kwenye mfuko wa nailoni. Sisi wengine, zaidi ya arobaini, Wakristo na Waislamu, tulikuwa Great Barr, upande wa pili wa mji, katika ukumbi tuliokodi kwa ajili ya kuuombea uchaguzi huo huo.

Bibi Gurvinder, upande wako wa meza unaujua. Huu ni upande wake, kama alivyomsimulia Yarrow.

Ulimpokea vizuri. Ulimpa fomu ya mtu anayeleta kura za wengine. Ukamuuliza ni ngapi, naye akajibu kwa fahari, "Kumi na moja." Akaona uso wako umebadilika. Ukamweleza taratibu kwamba mtu haruhusiwi kuleta za wenzake zaidi ya tano, na kwamba akizitoa zote, zote kumi na moja zitakataliwa. Ukasema, "Chagua tano."

Alikuelewa. Kiingereza chake ni kizuri. Akakuuliza kama anaweza kuita watu wamsaidie, ukamwambia ndiyo, muda bado upo, hata mpita njia anaweza kukuletea tano. Ulitaka kumsaidia, na hilo tunalijua.

Akatoka nje akaanza kutupigia simu.

Sasa tukueleze kuhusu kikapu. Kwenye maombi yetu kuna kikapu mlangoni. Kila anayeingia huzima mlio wa simu yake na kuiweka humo, kwa sababu zamani watu walikuwa wakiombea wagonjwa huku wanaangalia mpira. Ni kikapu kile kile kilichobeba kura kwenda kuwekewa mikono. Jioni hiyo kilikuwa kimejaa. Séverin akampigia Mchungaji. Akampigia Gisèle, anayesoma hapa. Akampigia kila jina analolijua, akarudi mwanzo akaanza tena. Simu zikatetemeka kikapuni, moja juu ya nyingine, na mlangoni hapakuwa na mtu. Ndani tulikuwa tunapaza sauti, tunamwomba Mungu atuitikie.

Walihitajika watu wawili tu, na muda wa kufika kutoka Great Barr ulikuwepo. Tumepima barabara ile mara nyingi tangu hapo, kama vile kuipima kutairudisha jioni.

Aliyepokea ni Yarrow, kwa kuwa hakuwa kwenye maombi yetu. Alikuwa na abiria. "Niko M6, bro, jam ni mbaya. Nakuja. Lakini si uwapatie tu watano kwanza?"

"Batano gani?" Séverin akauliza.

Yarrow anasema alianza kutafuta njia ya kutoka kwenye barabara ile kuu.

Wanafunzi walikuwa wanapita pale nje makundi makundi, wanacheka, wengine wakarimu kwa sura. Séverin aliinua mkono kumsimamisha mmoja, akaushusha. Aliona tena mikono miwili ya Mama Immaculée imeufunga wa kwake. Akazitoa bahasha mfukoni akazipanga ukingoni mwa ukuta. Akatenga ya Mama Immaculée, kwa sababu ya ahadi. Akatenga ya Luul. Kisha akashika ya mzee wa Januari mosi na ya jirani yake aliye kwenye mashine ya oksijeni, moja kila mkono, na hapo akakwama. Sisi tunaotoka tulikotoka tunajua maana ya mtu kusimamishwa na kuambiwa achague watano kati ya watu wake. Wewe uliongea habari ya bahasha. Yeye alisikia kitu kingine, Bibi Gurvinder, wala hukuwa na njia ya kujua.

Dakika za mwisho alirudi ndani akaziweka zote kumi na moja mezani kwako. Ulimwambia tena na tena kwamba akifanya hivyo hakuna hata moja itakayohesabiwa. Akajaza fomu, majina yote, kwa mwandiko wake mzuri. Yarrow alipofika mlango ulikuwa umefungwa, akamkuta amekaa chini kando ya ukuta.

"Miye siwezi kuchagula batu," ndilo alilosema. "Acha bote babe sawa."

Asubuhi yake, badala ya kulala, alipita nyumba kumi na moja kusema mwenyewe. Wengine walimfariji. Wengine, na hao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, walimtukana. Mama Immaculée alikuwa kitandani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kumbe haukunichagula?"

"Sikuchagula mutu, mama."

"Basi batano bangehesabiwa," akasema. "Batano si kidogo."

Hakumlaani. Aligeuka ukutani, na Séverin akatoka.

Hapa ndipo tulipoomba umsubiri Sagesse.

Mama Immaculée alifariki Juni. Hakuna uchaguzi mwingine uliomfikia. Baada ya mazishi ikaja barua yenye jina lake, ikimwarifu kwa lugha ya adabu kwamba kura yake haikuhesabiwa, na sababu. Séverin hakuja matangani. Makaburini alionekana amesimama nje ya geti, amevaa sare za kazi, na tulipomfuata alikuwa ameshaondoka. Na sisi, Bibi Gurvinder, tulishamwita majina. Kwenye ukumbi huu, kwenye viti hivi hivi, tulisema ameuza kura zetu. Tulisema hivyo kwa wiki nzima kabla Mchungaji hajafungua simu yake mbele yetu na kutuonyesha mara ngapi Séverin alikuwa amempigia. Kila mtu akafungua ya kwake. Usiku ule wa kura kila mmoja alikuwa ameona amepigiwa, akadhani ni yeye peke yake.

MAOMBI

Tunaomba ile habari ya kura tano isemwe kwa sauti, katika Kiswahili, kwa watu kama sisi wanaopenda kubeba vitu pamoja. Imeandikwa, tunajua. Tuliisoma baadaye.

Tunaomba jina la Mama Immaculée liondolewe. Tumeambiwa ombi la kura ya posta laweza kudumu mpaka miaka mitatu. Sagesse hataki kusikia bahasha nyingine ya bibi yake ikianguka mlangoni. Anazibandua kurasa za kalenda ile ukutani kidogo kidogo, na bado Immaculée wapo wengi.

Ombi kubwa ni la Séverin. Amepanga chumba katika nyumba ya wanafunzi, si mbali na hapa. Tumegonga. Hufungua, husalimia vizuri, husema amechoka na zamu. Mchungaji alipiga magoti kwenye ngazi zake kumwomba msamaha. Séverin akamwinua, akampa maji, akamsindikiza mpaka barabarani, na hakurudi kwetu. Maneno yetu hayana uzito tena kwake. Wewe ndiye uliyemwambia achague. Tunaomba uende, ukiweza, umwambie kwa mdomo ule ule kwamba hapana mtu anayepaswa kuyaweza hayo, na kwamba aliyeshindwa hapa si yeye. Hatuna hakika kama atakusikia. Tumekata tamaa mara nyingi kuhusu jambo hili, na huenda hata leo tunaomba kwa mazoea tu.

HITIMISHO

Tunakuombea heri, Bibi Gurvinder, kwa Mungu kwa majina yote tunayomwitia katika ukumbi huu. Akupe afya, akulinde barabarani, akuonyeshe wajukuu wa wajukuu wako, na meza yako isikose wa kuijia. Ampumzishe Mama Immaculée, na mahali alipo aulizwe anachotaka.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Ulipoingia ulikiona kikapu pale mlangoni. Kiko tupu, nacho kitabaki tupu. Simu zetu zote ziko mikononi, milio iko wazi, ya kila mmoja, hata ya anayesoma. Ikilia moja wakati unazungumza, utusamehe sana, mgeni rasmi. Tutapokea.

Ni sisi,
Umoja wa Kusaidiana wa Waswahili wa Selly Oak,
Birmingham.